Mnazi wa Chagos: Nani Mwenyeji, Nani Mgeni?

Makala hii inauliza swali moja. Je, kitu kikiwa cha asili mahali fulani, kule kuwa kwake cha asili kunakipa haki ya kubaki pale? Na kikiwa cha kigeni, je, ugeni peke yake ni sababu ya kutosha ya kukiondoa? Wenzetu wa sayansi ya mimea hawasumbuliwi sana na swali hili, maana kwao maneno haya mawili ni ya kuhesabia tu. Sisi tunaosoma maadili hatuwezi kuyapita hivyo, hasa tuliokulia katika nchi za Maziwa Makuu, ambako neno “mgeni” likitamkwa na mwenye madaraka, kuna watu wanaoanza kufunga mizigo. Nimechagua kulijadili swali hili kwa mti mmoja, yaani mnazi, na mahali pamoja, yaani visiwa vya Chagos, kwa kuwa huko swali la mimea na swali la watu vimefungwa kamba moja.

Chagos iko katikati ya Bahari ya Hindi, kusini mwa Maldives. Ni visiwa vidogo vidogo vya matumbawe, zaidi ya hamsini, vilivyokaa juu ya pete za miamba. Kikubwa kuliko vyote, Diego Garcia, hakifiki kilomita za mraba 30. Udongo wake ni mchanga wa matumbawe uliorutubishwa na kinyesi cha ndege wa baharini, na inakadiriwa kwamba ardhi hiyo haijamaliza miaka 4,000 tangu ianze kuweza kubeba mimea. Maana yake ni kwamba hakuna mmea hata mmoja ambao haukutoka kwingine. Mbegu nyingine zilielea, nyingine zilipeperushwa na upepo, nyingine zilifika zimenasa kwenye manyoya au miguu ya ndege. Wataalamu wanahesabu aina 41 za mimea ya maua na aina 4 za jamii ya kangaga kuwa ndizo za asili. Lakini mimea yote iliyoorodheshwa huko ni kama aina 280, na ziada hiyo yote ililetwa na watu, kwa kukusudia au kwa bahati mbaya.

Tuitazame hesabu hiyo vizuri. “Asili” hapa haimaanishi “kilichozaliwa hapa”, maana kwa kipimo hicho orodha ya wenyeji ingebaki tupu. Maana yake ni “kisicholetwa na mwanadamu”. Wote ni wasafiri. Kinachowatofautisha ni chombo walichopanda. Mtondoo uliofika kwa mkondo wa bahari ni mwenyeji. Mvinje uliofika kwa meli ni mgeni, hata kama ile miti miwili imesimama ufuo mmoja, inapigwa na upepo uleule.

Mnazi unaivuruga hesabu hii zaidi. Nazi ina makumbi yanayoielesha. Inaweza kukaa baharini wiki nyingi, ikatupwa ufukweni na kuota. Kwa hiyo nazi ileile moja ni ya asili ikiletwa na wimbi, na ni ya kigeni ikiletwa na jahazi, na mti ukishakua hauna alama ya kukuonyesha ulifikaje. Lisilo na utata ni misitu ya minazi iliyofuata baadaye. Kuanzia miaka ya 1780 Wafaransa kutoka Mauritius walifyeka msitu wa asili wa visiwa hivi na kupanda minazi kwa mistari. Waliofyeka na kupanda kwa mikono yao si Wafaransa wenyewe. Ni watu waliotekwa, wengi wao kutoka Msumbiji na Madagascar, wakapelekwa kufua nazi, kuzipasua, kukausha mbata na kukamua mafuta. Visiwa vikaitwa visiwa vya mafuta. Utumwa ulipofutwa mwaka 1835 wengi walibaki palepale, wakazaa na kuzikana, wakawa na Kikrioli chao, makanisa yao, na mchuzi wao wa tui la nazi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Naipenda methali hii kwa sababu haiulizi mtu alitoka wapi. Inauliza anashiriki nini. Hao wa Chagos walipewa jembe siku ya kwanza, tena bila kuulizwa.

Mwaka 1965 Uingereza iliitenga Chagos na Mauritius, ambayo ilikuwa bado koloni lake, na mwaka uliofuata ikaafikiana na Marekani kuhusu kituo cha kijeshi. Marekani ilitaka visiwa bila watu. Kati ya 1968 na 1973 wakazi wote, baina ya 1,500 na 2,000, waliondolewa. Waliokuwa wamekwenda Mauritius kwa matibabu waliambiwa hakuna meli ya kurudi. Mbwa wao waliuawa kwa moshi katika banda la kukaushia mbata. Punda waliachwa. Minazi nayo iliachwa.

Jambo linalonihusu katika makala hii ni namna uhamisho huo ulivyohalalishwa. Serikali ilidai kwamba wale hawakuwa wakazi wa kudumu bali wafanyakazi wa mkataba, watu wa kupita tu. Mwaka 1966 Paul Gore-Booth, aliyekuwa mkuu wa watumishi katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, aliandika kwamba hapatakuwa na wenyeji wowote isipokuwa shakwe. Mtu anaweza kuipita sentensi hiyo kama mzaha wa ofisini. Mimi naiona kuwa ni hoja kamili ya kifalsafa, ingawa ni mbovu. Inasema: mwenyeji ni yule ambaye hakuletwa. Ndege alikuja mwenyewe, basi ni mwenyeji. Mtu aliletwa na mwenye shamba, basi ni mgeni, na mgeni anaweza kuambiwa aondoke. Ni kipimo kilekile cha orodha ya mimea, kimehamishiwa kwa binadamu bila kubadilishwa hata neno. Na ubaya wake umekunjwa ndani: yule aliyetekwa na kusafirishwa kwa nguvu ananyimwa makao kwa sababu hiyohiyo kwamba alisafirishwa.

Hapa msomaji wa baiolojia atanipinga, na ana haki. Atasema: usiichafue sayansi kwa makosa ya wanasiasa, kwa maana mimea ya kigeni inaleta madhara ya kweli. Nakubali, na ushahidi wa Chagos yenyewe ni mzito. Mwaka 2018 Nick Graham na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliolinganisha visiwa sita vyenye panya na sita visivyo na panya. Pasipo na panya, ndege wa baharini walikuwa wengi mara 760. Kinyesi chao huoshwa na mvua kuingia baharini na kulisha matumbawe, na uzito wa samaki kuzunguka visiwa hivyo ulizidi kwa asilimia 48. Kuhusu mnazi wenyewe, ushahidi unatoka mbali zaidi, katika kisiwa cha Palmyra kwenye bahari ya Pasifiki, ambacho nacho ni cha matumbawe na kina misitu mingi ya minazi. Huko, Hillary Young na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba ndege wengi hawapendi kujenga viota kwenye minazi. Wanataka miti kama Pisonia, yenye matawi ya kukalia. Msitu ukigeuka kuwa wa minazi, ndege hupungua, udongo hukosa samadi, na umaskini huo hushuka mpaka baharini. Chagos nako minazi iliyoachwa bila mkulima imejiotea yenyewe ikashonana. Msitu wa namna hiyo kwa Kikrioli huitwa minazi ya Mungu. Mungu amesingiziwa, maana aliyeipanda tunamjua.

Basi hoja ya kupunguza minazi ina nguvu. Lakini ni hoja gani hasa? Tuijaribu. Tuseme kesho unapatikana ushahidi usiopingika kwamba minazi yote ya Chagos imetokana na nazi zilizofika kwa mawimbi miaka elfu mbili iliyopita. Je, ndege wangepata matawi ya kujengea? La. Hali ingekuwa ileile. Sasa tugeuze: tuseme pana mpapai mmoja kando ya magofu ya kijiji, umeletwa na watu bila shaka yoyote, haujasambaa wala haumsumbui ndege. Kuung'oa kungekuwa na faida gani, zaidi ya kusafisha orodha? Kwa hiyo kinachobeba uzito wa maadili ni madhara, si asili.

Mjadala wa namna hii umewahi kuwagawa wanasayansi wenyewe. Mwaka 2011 Mark Davis na wenzake walitaka, katika jarida hilohilo la Nature, viumbe visihukumiwe kwa vilikotoka. Daniel Simberloff na wenzake zaidi ya mia moja wakajibu kwamba asili si kitu cha kupuuzwa, kwa kuwa madhara ya kiumbe kilicholetwa mara nyingi huchelewa kuonekana. Naona pande zote mbili zina ukweli. Asili ni dalili nzuri ya kutuambia tuangalie wapi. Daktari hukuuliza umesafiri wapi, lakini hatibu safari, anatibu homa. Hata magugu maji ya Ziwa Viktoria, hakuna mvuvi anayeyachukia kwa kuwa kwao ni Amerika ya Kusini. Anayachukia kwa sababu mtumbwi haupiti.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili kabisa na kusema kwamba kupambana na mimea ya kigeni ni ubaguzi uliovaa nguo ya kijani. Siwafuati. Mnazi hauna kumbukumbu, hauna bibi aliyezikwa, hauwezi kutamani kurudi. Kumlinganisha mti na mtu aliyefukuzwa ni kumpunguza mtu. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba neno likizoea kutoa hukumu peke yake kwa mti, bila kuulizwa madhara yako wapi, mazoea hayo hayaishii kwenye mti.

Na hayakuishia. Tarehe 1 Aprili 2010 Uingereza iliitangaza Chagos kuwa hifadhi kubwa ya bahari. Baadaye mwaka huohuo zilivuja nyaraka za kibalozi za Marekani zilizoeleza kwamba afisa mmoja wa Uingereza aliona hifadhi hiyo ingewazuia kabisa wakazi wa zamani kurudi. Mwaka 2015 baraza la usuluhishi la kimataifa lilikuta kwamba hifadhi hiyo ilitangazwa kinyume cha sheria ya bahari, na mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Mauritius ilitengwa na visiwa hivyo isivyo halali. Wanafunzi waliosoma Aldo Leopold watakumbuka kanuni yake ya mwaka 1949, kwamba tendo ni jema likilinda ukamilifu, uthabiti na uzuri wa jamii nzima ya viumbe. Ni kanuni inayovutia, lakini Chagos inaonyesha tundu lake. Jamii nzima ikiwekwa juu ya kila kitu, mtu anayeondolewa anaweza kuhesabiwa kama doa lililofutwa.

Nikirudi kwenye swali la nani aamue, msimamo wangu ni huu. Minazi iondolewe pale ambapo madhara yake yameonyeshwa, na kwa sababu hiyo tu. Katika maeneo ya vijiji vya zamani, kama East Point kule Diego Garcia, au Île du Coin kule Peros Banhos, ambako kuna magofu ya makanisa na makaburi, isiguswe bila idhini ya Wachagosi. Wale waliofanya kazi ile hawakuachiwa hati za ardhi. Mstari wa minazi ndio hati. Mwaka 2006 kundi la Wachagosi wapatao mia moja waliruhusiwa kwenda kwa siku chache kusafisha makaburi ya wazee wao. Waliyatambua maeneo kwa magofu na kwa miti.

Nitaulizwa: idhini ya nani, wakati Wachagosi wametawanyika Mauritius, Shelisheli na mji wa Crawley huko Uingereza, na wao kwa wao hawakubaliani? Ni kweli hawakubaliani. Lakini ndugu wakigombania kiwanja, jirani hapati ruhusa ya kujenga. Nitaulizwa pia: na ndege je, nani anawasemea? Wanasemewa na ushahidi wa madhara, na wanasayansi ndio mashahidi. Shahidi husikilizwa, lakini hakai kwenye kiti cha hakimu.

Mei 2025 Uingereza na Mauritius ziliweka saini mkataba unaokusudia kuirudisha Chagos kwa Mauritius na kuruhusu makazi katika visiwa vingine isipokuwa Diego Garcia. Watu wakirudi Peros Banhos watahitaji dafu, makuti na tui, na watahitaji pia samaki, ambao kwa sehemu wanalishwa na ndege wasiopenda minazi. Itabidi msitu ugawanywe, kisiwa kwa kisiwa, labda mti kwa mti. Panya watatangulia kuondolewa, kwa maana kisiwa chenye minazi mingi kinawalisha mwaka mzima. Panya nao walikuja na meli, na hakuna aliyejitokeza kuwatetea. Nadhani ni sawa wasitetewe, ila si kwa sababu ya meli.