Maji ya Moto na Asiye na Mtu

Huko Rutshuru, katika Kivu ya Kaskazini, pana mahali paitwapo Mai ya Moto. Joto la chini ya ardhi ndilo liyapashalo moto maji yale, si mzimu. Mtu wa Kabambare aumwaye viungo, akikaa majuma mengi penye chemchemi ya namna hii, je, atenda dhambi? Hapana, kupumzika ni zawadi ya Mungu. Lakini ukumbuke Injili ya Yohane, sura ya 5: mgonjwa wa miaka 38 alilala kando ya birika, asipate mtu wa kumtia majini, wengine walimtangulia daima. Basi ukiisha kuoga, toka, umshike mkono asiye na mtu, naye ashuke. Kukaa majini si kosa. Kosa ni kutomwona jirani.