Maombi na Komeo la Mlango

Masomo: Nehemia 4:7-9, Mathayo 24:43, Kutoka 22:2-3



Siku moja nilihubiri katika mkesha wa Ijumaa, hapa Lubumbashi. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba mtu akiwa katika maombi, malaika wanalinda nyumba yake. Watu wote waliitika Amina. Usiku ule ule wezi waliingia katika lupango ya mama mmoja mjane, muuza makala, ambaye alikuwa ameketi mbele yangu akiomba.

Asubuhi tulikuta mlango uko wazi. Godoro, masufuria, nguo za watoto, vyote vimekwenda. Na ndani ya kopo la unga mlikuwa na pesa ya likelemba ya wamama kumi, ambayo alipaswa kumpa mwenzake siku ile ya Jumamosi. Mlango haukuvunjwa. Ufunguo ulikuwa chini ya jiwe, mahali unapowekwa kila Ijumaa. Balabala yote ilijua kwamba siku ya mkesha hakuna mtu pale.

Mama yule hakunilaumu. Lakini mimi nilijiuliza: Shemasi, uliwafundisha watu nini?

Wapendwa, tumsome Nehemia. Maadui walipopanga kuwashambulia wajenzi wa Yerusalemu, watu walimwomba Mungu, na pamoja na maombi yale waliweka walinzi mchana na usiku. Hawakuchagua moja na kuacha la pili. Bwana Yesu naye alitoa mfano wa mwenye nyumba ambaye, kama angejua saa ya mwizi, angekesha. Mfano ule ni wa kurudi kwake Bwana, lakini umesimama juu ya jambo ambalo kila msikilizaji alilijua: mwenye nyumba ana kazi ya kulinda. Shetani alimwambia Yesu ajitupe chini kutoka juu ya hekalu kwa sababu malaika watamshika. Yesu alikataa, akasema hilo ni kumjaribu Mungu. Basi, kufunga mlango si upungufu wa imani. Kuuacha wazi na kumsukumia Mungu kazi yetu, huko ndiko kumjaribu.

Lakini habari haikuishia pale. Mchana ule vijana walikuja na hasira. Mtu mmoja alisema ameonyeshwa katika ndoto kwamba mwizi ni kijana wa jirani, yule anayeziba mipira ya baiskeli. Hakuna aliyeuliza swali. Mmoja alileta gurudumu la motokari, mwingine alileta petroli ndani ya chupa. Mimi nilikuwa pale, na naungama mbele yenu: nilinyamaza. Ni mama mjane mwenyewe aliyesimama mbele ya kijana yule na kusema: «Pesa yangu imepotea. Msiniongezee damu.» Watu wakasita. Ndipo tukajua kwamba kijana yule alilala hospitali usiku mzima akimlinda mama yake mgonjwa, na wagonjwa wa chumba kile walimwona. Kama tungemchoma, tungekuwa wauaji tuliotoka katika maombi.

Someni Kutoka 22. Sheria ya Musa inatofautisha mwizi anayevunja nyumba usiku na mwizi aliyekutwa jua likiisha kutoka. Ukimwua huyu wa pili, una hatia ya damu. Anapaswa kulipa alichoiba, si kufa. Na Kumbukumbu la Torati 19:15 inadai mashahidi wawili au watatu. Ndoto ya mtu mmoja si shahidi. Sisi ni kanisa la unabii, tunaheshimu maono. Kwa sababu hiyo hasa tusiyatumie kumtaja jirani kuwa mwizi. Ukiona kitu katika maono, mpelekee mchungaji kwa siri, muombe pamoja. Usikiseme barabarani.

Sasa tufanye nini? Nawapa mambo haya, nayo si magumu:

1. Siku ya mkesha, kila lupango ibakize mtu mzima mmoja, au majirani wapeane zamu. Aliyebaki kulinda amefanya ibada sawa na aliyeimba. Mtoto asiachwe peke yake.

2. Ufunguo usiwekwe chini ya jiwe wala juu ya mlango. Upewe mtu unayemwamini.

3. Pesa ya likelemba isilale nyumbani. Ikusanywe mchana na kupewa mwenye zamu siku ile ile, mbele ya wote. Na pesa iliyo ndani ya simu, namba yake ya siri usimpe mtu, hata akipiga na kusema yeye ni mfanyakazi wa kampuni.

4. Mkesha ukiisha kabla ya kupambazuka, tubaki kanisani hadi mwanga. Kisha twende kwa makundi, wamama na wasichana wakiwa katikati.

5. Wezi wenye silaha wakiisha kuingia, wape vitu. Sufuria inanunuliwa sokoni, maisha hayanunuliwi. Majirani wakisikia kelele, wapige filimbi na masufuria, wote kwa pamoja, kila mtu kwake, tena wapigie polisi simu. Mtu asitoke peke yake gizani.

6. Mwizi akikamatwa, asipigwe. Aitwe mkubwa wa kartier, apelekwe polisi. Mtasema: wanamwachilia kesho yake! Ni kweli, mara nyingine inatuuma hivyo. Lakini ubaya wa mwingine haufungui mlango wa sisi kuua.

Wapendwa, wababa zetu waliona uporaji wa mwaka 1991, wakati askari na raia walipobeba mali za maduka katika miji mingi ya nchi yetu. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka wakubwa wakisema kwamba siku ile mtu hakumjua tena jirani yake. Hilo ndilo adui analotafuta: kila mmoja afunge mlango wake na kumwogopa mwenzake. Sisi tufunge mlango, lakini tujuane majina, tujuane namba za simu, tujue nani ni mgonjwa na nani amesafiri.

Wale wamama kumi walikubaliana kuanza likelemba upya, na hawakumdai mjane hata franka moja. Yule kijana ndiye aliyempigilia komeo jipya mlangoni. Mimi nilimshikia taa.

Bwana awalinde katika kutoka na kuingia kwenu. Amina.

Shemasi wenu