Fuvu Miguuni pa Mabalozi

Mchoro wa Hans Holbein uitwao Mabalozi, wa mwaka 1533, umetundikwa National Gallery, London, na wengi wanaoueleza huishia pale pale: elimu na cheo ni ubatili, kifo kinangoja. Tafsiri hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni ya haraka mno, na inamdhulumu mchoraji.

Waliosimama ni Wafaransa wawili: Jean de Dinteville, balozi kwa mfalme Henry wa Nane, na rafiki yake Georges de Selve, askofu wa Lavaur. Umri wao umeandikwa humo humo, 29 kwenye ala ya jambia la mmoja, 25 kwenye kitabu alichoegemea mwenzake. Kati yao ipo meza ya ngazi mbili. Juu kuna tufe la nyota na vyombo vya kupimia jua na saa. Chini kuna tufe la dunia, kitabu cha hesabu kilichofunguliwa kwenye kugawanya, tenzi za Kilutheri, na udi wenye uzi mmoja uliokatika. Mwaka ule Henry alimwoa Anne Boleyn, na Uingereza ilikuwa ikijitenga na Roma. Askofu Mkatoliki karibu na tenzi za Luther, kugawanya, uzi uliokatika: ni vigumu kuamini kwamba vimekutana kwa bahati. Huzuni ya kwanza ya mchoro huu ni mpasuko wa Kanisa, na kifo hata hakijatajwa.

Kinatajwa sakafuni. Mbele ya miguu yao kuna kitu kirefu cha kijivu, kimelala mshazari, na anayetazama kutoka mbele hakitambui. Asogee pembeni kabisa, upande wa kulia, atazame karibu sambamba na ukuta: kinajikusanya kuwa fuvu la kichwa, huku mabalozi wakibanwa hata nyuso zao hazisomeki. Fuvu hilo limevutwa kwa jiometri, elimu ile ile iliyozaa matufe na saa za jua mezani. Holbein angetaka kuidharau elimu, asingeifanya njia ya kukionyesha kifo. Anachokigusa ni mahali anaposimama mwenye kujua: pakimwezesha kuona hili, panamficha lile, na hapana pa kusimama palipo pa Mungu.

Wapo watakaosema fuvu ni mbwembwe za fundi tu, kwani michezo ya macho ilipendwa zama zile. Mbwembwe zimo, sikatai. Lakini Dinteville mwenyewe amevaa kofiani beji ndogo yenye fuvu. Aliyekubali kuchorwa na kifo kichwani alijua anachoagiza. Pingamizi zito zaidi ni hili: ikiwa fuvu likionekana watu hupotea, je, huo si ubatili ule ule? Ungekuwa, kama pembe ya juu kushoto ingekuwa tupu. Hapo pazia la kijani limeacha mwanya, na ndani yake kuna Yesu msalabani, nusu amefunikwa. Msalaba huo haukupindwa. Fuvu humdai mtazamaji ahame ndipo alione. Msalaba unaonekana kwa yeyote aliyesimama mbele ya mabalozi na matufe yao, mradi ainue macho kuelekea pembeni. Anayeisoma sakafu peke yake ameacha nusu ya hoja ya Holbein pale juu, nyuma ya pazia.