Bei Mbele ya Mtoto

Je, yafaa mzazi kubishania bei mbele ya mtoto wake mdogo? Swali hili ni dogo kwa umbo, na msomaji aliyelelewa katika magulio ya Bukoba na Muleba aweza kulicheka, maana huko mtoto huwapo sokoni kabla hajajua kutembea. Huja mgongoni mwa mama, huketi juu ya gunia kati ya maharage na dagaa, na ikiwa ni majira ya senene huonja kabla ya wateja. Si desturi kuuliza kama soko lamfaa. Lakini soko ni miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo mtoto humwona mzazi wake akishughulika na mtu asiye wa nyumba yake, juu ya jambo ambalo kila mmoja alitakia faida yake. Nyumbani humsikia akiusifu uadilifu. Hapa humwona akiutumia au akiuweka kando.

Ndizi za Kagera huuzwa gulioni kwa mkungu, na mkungu hupimwa kwa jicho. Hakuna mikungu miwili iliyo sawa: mmoja una vichane vingi vyenye ndizi nyembamba, mwingine vichache vilivyojaa, tena nshakala ya kupika si embire ya pombe. Kwa hiyo bei haina budi kuzungumzwa. Watu huamkiana kwanza, huulizana habari za nyumbani na za mvua, ndipo muuzaji hutaja bei asiyoitumainia, na mnunuzi huapa kuwa fedha hizo hana. Wote wawili wajua kuwa huo ndio mwendo wa mchezo. Neno ambalo msemaji na msikilizaji wamekwisha kuafikiana kulipunguza uzito halimdanganyi yeyote kati yao.

Halimdanganyi mtu mzima, yaani. Siku moja, upande wa Kishanda, nilisimama nyuma ya baba mmoja aliyemwambia muuzaji, "Mama waitu, nimebakiwa na elfu sita tu." Wakapatana elfu saba na mia tano, naye akatoa mfukoni noti ya elfu kumi. Mtoto wake, wa miaka kama mitano, akauliza kwa sauti, "Tata, si ulisema zimebaki sita?" Baba akacheka, muuzaji akacheka zaidi, akamchumia mtoto ndizi mbivu iwe nyongeza. Mtoto aliipokea kwa mikono miwili, wala hakucheka. Alikuwa hajaingia katika maafikiano yale ya watu wazima. Kwake yeye sita ilikuwa sita.

Wakristo wa madhehebu ya Marafiki, yaani Wakweka, waliotokea Uingereza katika karne ya 17, walilikata shauri hili kwa pigo moja. Walikataa kabisa kubishania bei, wakataja bei moja tu, kwa kuwa bei ya kwanza isiyokusudiwa waliihesabu kuwa uongo. Kiongozi wao George Fox alieleza, katika kumbukumbu za maisha yake, kwamba baada ya muda watu waliwaendea kwa wingi, kwa sababu hata mtoto aliyetumwa dukani kwao alitendewa haki sawa na mzazi wake. Nauheshimu ushahidi huo, ila siuoni kuwa unamaliza neno. Bei moja huhitaji bidhaa zinazofanana, mizani, na muuzaji awezaye kumngoja mteja wa kesho. Mwenye mkungu mmoja gulioni aghalabu hana hata kimoja.

Kahawa iliyokauka hungoja ndani ya gunia. Mkungu uliokwisha kukatwa haungoji. Baada ya siku chache huiva, na ndizi ya kupika ikiiva si chakula kile kile. Mama aliyeutoa kibanjani alfajiri, akajitwika juu ya ngata au akalipia baiskeli, jua la alasiri likimkuta gulioni hana nguvu ya kuurudisha. Wanunuzi wajua hayo. Wapo wenye magari wanaoketi kivulini na watoto wao, wakinywa soda, hata jua lielemee magharibi, kisha huinuka kwenda kutaja nusu ya bei. Hawakusema uongo hata neno moja. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, alitoa mfano wa mfanyabiashara aliyefikisha nafaka Rhodes wakati wa njaa, huku akijua kuwa meli nyingine za nafaka zimo njiani: je, alipaswa kusema? Diogenes wa Babeli alimwachilia, kwa kuwa kunyamaza si kudanganya. Antipater, mwanafunzi wake, alimkatalia. Mimi nimo upande wa Antipater, na nathubutu kusema kuwa yule baba na noti yake ya elfu kumi alimfunza mwanawe ubaya mdogo kuliko huyu wa kivulini. Wa kwanza alicheza na mtu aliyeweza kukataa. Wa pili alimwonyesha mtoto kuwa dhiki ya mwenzetu ni kitu cha kuvunwa.

Hata hivyo, si kila angojaye jioni ni mwindaji. Mnyauko wa migomba ulionekana wilayani Muleba mwaka 2006, ukaanza kuharibu vibanja, na zipo nyumba zilizozoea kuvuna ambazo zilijikuta zikinunua. Mjane mwenye watoto watatu, ajaye saa kumi na moja kwa sababu shilingi mia tano ni chumvi ya nyumbani, hawezi kuhesabiwa pamoja na mwenye gari, ingawa saa ni ile ile na bei ni ile ile. Hapo hukumu haimo katika tendo, imo katika haja. Na mtoto, ambaye huliona tendo tu, hana budi kuambiwa.

Aambiwe nini? "Sina" ni neno moja, na "sitoi" ni neno lingine, na lugha yetu haikuyachanganya. Nimemsikia mama mmoja akimwambia muuzaji, "Ninazo, waitu, ila hizi zilizobaki ni za daftari la huyu," akamgusa mtoto kichwani. Muuzaji akamtazama mtoto, akafikiri, akakataa. Naye pia alikuwa na madaftari ya kununua. Wakaagana vizuri. Mama akauendea mkungu wa pili, mtoto akimfuata na kuuliza kwa nini bei zile mbili hazikukutana.