Baba Aliyeuficha Uso Wake

Mtoto mchanga hucheka akitekenywa. Je, kicheko hicho amezaliwa nacho, ama amejifunza kwa kumwona mtekenyaji akicheka? Aristotele aliandika zamani ya kuwa katika wanyama wote mtu peke yake hutekenyeka. Lakini asili ya jambo hakuipima. Aliyelipima ni Clarence Leuba, mwalimu wa elimu ya nafsi katika chuo cha Antioch, jimbo la Ohio, Marekani. Naye alimpima mwanawe mwenyewe.

Mwaka 1933 aliweka amri nyumbani: mtoto asitekenywe ila kwa saa ya majaribio, na saa hiyo mtu yeyote asicheke mbele yake. Baba alijifunika kinyago cha karatasi ngumu chenye tundu jembamba la kuchungulia, ndipo akamtekenya kwapani na mbavuni. Mama alijitahidi kutii. Lakini siku moja, alipokwisha kumwogesha mtoto, alimrusharusha juu ya magoti huku akicheka. Hata hivyo, mtoto alipofikia miezi saba hivi, alicheka sana kila alipotekenywa. Mwaka 1936 Leuba akaanza tena kwa binti yake, naye akacheka vivyo hivyo. Mwaka 1941 akatangaza: kicheko hicho ni cha asili.

Je, ilikuwa halali? Tusimhukumu upesi. Hakumpiga mtoto wala hakumnyima maziwa, tena kutafuta kweli si dhambi. Lakini amri ya nne ya Mungu, ambayo wengi hudhani ni ya watoto tu, yawapasa wazazi pia: mtoto ni amana, si mali. Mganga akimchoma mtoto sindano ya chanjo, mtoto hulia, lakini faida ni ya mtoto yule yule. Faida ya kinyago ilikuwa ya kitabu. Na uso wa mzazi si kitu kidogo: mwaka 1978 Edward Tronick na wenzake walieleza jinsi mtoto mchanga anavyohangaika mama akiukaza uso wake kwa dakika chache tu.

Wengine watasema: afadhali alimpima mwanawe kuliko mwana wa jirani. Sivyo. Jirani angaliweza kumkatalia. Mtoto huyu hakuwa na wa kumsemea ila mama yake, naye alikuwa amefungwa na amri ile ile.