Mtu Aamini Nini Apate Kuwa Mkristo?



Walimu wa vijijini hutuuliza mara nyingi swali ambalo halikosekani katika darasa lo lote la ubatizo. Wauliza: Ni mambo gani hasa asiyoweza mtu kuyakosa katika imani yake, naye akaitwa Mkristo kwa haki? Swali hili si la wenye elimu peke yao. Mwalimu akijibu vibaya, aweza kumfungia mlango mtu aliyeitwa na Bwana mwenyewe. Tena aweza kumtuliza mtu aliye nje bado, akamwambia ya kuwa yumo ndani. Hasara zote mbili ni kubwa, kwa sababu ni hasara ya roho za watu.

Nasi twaona watu wa namna mbili wanaopotoka katika neno hili. Wako waongezao, na wako wapunguzao. Waongezao husema ya kuwa kumwamini Kristo hakutoshi. Lazima mtu anene kwa lugha, au ataje siku na saa aliyookoka, au ajiepushe na chakula fulani, ndipo wamhesabu kuwa ndugu. Wapunguzao husema ya kuwa imani ni jambo la moyoni tu, haina haja ya mafundisho. Mtu akiwa mpole na akilitaja jina la Mungu, yatosha, na habari za msalaba na kaburi tupu ni maneno ya wachungaji kubishania. Basi tusiwafuate hawa wala wale. Tuyafungue Maandiko, tuone yenyewe yanadai nini.

Jibu lililotolewa Filipi

Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 16, twasoma habari za mlinzi wa gereza la Filipi. Usiku wa manane nchi ilitetemeka, milango ikafunguka, naye alikuwa karibu kujiua kwa upanga, akidhani wafungwa wamekwisha kimbia. Ndipo alipowauliza Paulo na Sila afanye nini ili aokolewe. Walimjibu kwa maneno machache sana, kwamba amtumaini Yesu aliye Bwana. Na kabla ya mapambazuko alibatizwa, yeye na watu wa nyumba yake.

Waongezao na watazame hapa. Mtu huyu hakuambiwa atahiriwe, wala hakupewa sheria mia za kushika. Lakini wapunguzao nao wasikiruke kifungu cha 32. Kabla ya maji ya ubatizo, mitume walimhubiri neno la Bwana, yeye na wote waliokuwamo nyumbani. Hawakumwachia jina tupu. Filipi ulikuwa mji wa koloni la Warumi, wenye miungu mingi. Mlinzi yule angejuaje Yesu ni nani, na kwa nini atumainiwe, asingalifundishwa? Basi imani ya Kikristo inaye Mtu inayemshika, nayo ina habari za kweli juu ya Mtu huyo. Ukiondoa Mtu, yabaki maneno matupu. Ukiondoa habari, labaki jina ambalo kila mmoja aweza kulijaza atakavyo.

Mambo ambayo Maandiko yenyewe yameyatia muhuri

Yako mambo mengi katika Biblia yaliyo ya kweli na ya faida, lakini si kila jambo limetajwa kuwa sharti la wokovu. Mtu aweza kusahau majina ya wafalme wa Yuda, asipotee. Bali yako mambo ambayo Maandiko yenyewe yasema wazi ya kuwa asiyeyapokea hana uzima. Tuyatazame kwa utaratibu.

La kwanza ni habari ya Mungu. Waebrania 11:6 yafundisha ya kuwa amwendeaye Mungu hana budi kuamini ya kwamba yuko, na ya kwamba huwalipa wamtafutao. Paulo aliposimulia habari za Wathesalonike, alisema waliziacha sanamu ili wamtumikie Mungu aliye hai (1 Wathesalonike 1:9). Hakuna Mkristo mwenye miungu miwili.

La pili ni habari ya Yesu mwenyewe, kwamba ni nani. Yohana aeleza katika 20:31 kwa nini aliandika kitabu chake: ili wasomaji wamwamini Yesu kuwa ndiye Kristo, Mwana wa Mungu. Katika 8:24 Bwana aliwaonya Wayahudi ya kuwa wasipomkubali kuwa ndiye, watakufa na dhambi zao. Tena Yohana katika waraka wake wa kwanza, 4:2-3, aweka kipimo cha kuzijaribu roho: roho isiyokiri ya kuwa Yesu Kristo alikuja mwenye mwili haitoki kwa Mungu. Basi ni Mungu kweli, na ni mtu kweli. Kwa ajili hiyo wazee wa Kanisa waliokutana Nikea mwaka 325 hawakukubali mafundisho ya Arius, aliyesema ya kuwa Mwana ni kiumbe. Hawakuongeza sharti jipya. Walilinda lile la zamani. Maana kama Mwana ni kiumbe, sisi tunaomwomba twaabudu kiumbe.

La tatu ni habari ya kazi yake. Katika 1 Wakorintho 15 Paulo aikumbusha jamii ya Korintho Injili waliyookolewa nayo, naye aitaja kwa ufupi: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, siku ya tatu akafufuka. Kisha asema bila kuficha ya kuwa kama Kristo hakufufuka, imani yetu haina kitu, nasi tungali katika dhambi zetu. Na katika Warumi 10:9 ameweka pamoja kinywa na moyo: kinywa kimkiri Yesu kuwa Bwana, moyo uamini ya kuwa Mungu alimfufua.

La nne ni njia ambayo wokovu hutufikia, yaani kwa neema, kwa imani, si kwa mastahili ya matendo. Wagalatia walikuwa wakiamini Mungu mmoja, wakimkiri Kristo na kufufuka kwake; hata hivyo Paulo aliwaandikia kwa ukali kuliko wengine, kwa kuwa walitaka kuongeza tohara kuwa nguzo ya pili ya wokovu. Aliwaambia ya kuwa watakao kuhesabiwa haki kwa sheria wametengwa na Kristo (5:4). Kumbe hata kuongeza ni kupunguza! Aongezaye kitu juu ya Kristo amesema ya kuwa Kristo hakutosha.

Wala tusimsahau Roho Mtakatifu. Twabatizwa katika jina la Baba na la Mwana na la Roho, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 28:19. Na 1 Wakorintho 12:3 yatufundisha ya kuwa hakuna awezaye kumkiri Yesu kuwa Bwana isipokuwa kwa Roho huyo. Mkristo mpya hawezi kuieleza siri ya Utatu, wala mzee wa miaka mingi hawezi kuimaliza. Linalotakiwa ni kwamba aliitie jina hilo, asilikatae.

Mkiyatazama mambo haya, mtaona ya kuwa ndiyo yale tunayoyakiri kila Jumapili katika Imani ya Mitume. Imani ile haikutungwa ili iwe mzigo juu ya Biblia, bali ni kama kikapu kilichokusanya yale ambayo Biblia yenyewe imeyatia muhuri.

Mnyang'anyi msalabani

Huenda mtu akasema: Je, yule mnyang'anyi aliyesulibiwa pamoja na Bwana alijua yote hayo? Tumsikilize katika Luka 23:40-42. Alimkemea mwenzake kwa kuwa hamchi Mungu. Alikiri ya kuwa wao wawili wapata malipo ya haki. Alishuhudia ya kuwa Yesu hana kosa. Kisha akamwomba amkumbuke atakapoingia katika ufalme wake. Tazameni jinsi maneno machache yalivyobeba mengi: Mungu wa kuogopwa, dhambi ya mtu mwenyewe, Mwenye haki asiye na dhambi, Mfalme atakayetawala hata baada ya kifo. Wanafunzi walikuwa wamekimbia. Mtu huyu alimwona Mfalme katika mtu anayekufa uchi. Hakujua mengi, lakini alilolijua lilikuwa lenyewe.

Huku kwetu pia, Krapf na Rebmann walipoanza kazi Rabai, karibu na Mombasa, tunda lao la kwanza lilikuwa kiwete mmoja, jina lake Mringe, aliyebatizwa akiwa karibu na kufa. Bwana hapendezwi na wingi wa maneno, bali na mkono unaomshika.

Mashetani nao huamini

Hata hivyo, tujihadhari. Yakobo 2:19 yasema ya kuwa mashetani nao huamini ya kwamba Mungu ni mmoja, nao hutetemeka. Wangeweza kufaulu mtihani wetu wa ubatizo bila kosa moja! Wana ujuzi, wala hawabishi ya kuwa ni kweli. Wasilo nalo ni tumaini. Imani iokoayo si kujua ya kuwa Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi tu, bali kuegemea ya kuwa alikufa kwa ajili ya dhambi zangu. Mtu aliye mtoni aweza kuijua mashua, na kukubali ya kuwa ni nzima. Asipoingia, atazama na ujuzi wake.

Asiyejua bado na akataaye

Lipo neno jingine la kupambanua. Katika Matendo 18 Apolo alifundisha kwa bidii habari za Yesu, naye aliujua ubatizo wa Yohana tu. Priskila na Akila hawakumfukuza. Walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Korintho walikuwapo waliosema hakuna ufufuo wa wafu. Paulo aliendelea kuwaita ndugu, lakini hakuliacha kosa lao hata siku moja, bali aliwaandikia mlango mzima. Tomaso naye alisita, na Bwana alimwonyesha majeraha yake.

Basi kutojua ni jambo moja, na kukataa ni jambo jingine. Asiyejua bado na afundishwe. Mwenye shaka anayeomba msaada, kama yule baba wa kijana mgonjwa katika Marko 9:24, na achukuliwe kwa upole. Lakini yeye aliyeonyeshwa Kristo wa Maandiko, akasema kwa kusudi, huyo simtaki, nipeni mwingine, huyo hatuwezi kumwita Mkristo, hata akiwa mwema machoni pa watu. Martin Luther, baada ya kukagua makanisa ya Saxony na kuona jinsi watu walivyokaa bila mafundisho, alitoa Katekismo Ndogo mwaka 1529, ili baba wa nyumba awafundishe watoto na watumishi wake. Katika dibaji yake alikuwa mkali kwa wasiotaka kujifunza. Kitabu chenyewe alikifanya kifupi na chepesi, kwa ajili ya watu wa kawaida.

Neno kwa walimu

Sasa, ndugu walimu, tuseme mbele yenu wamekaa watu wawili. Mmoja ni kijana mwepesi wa akili. Ameshika sehemu zote za Katekismo, hakosi neno. Lakini chini ya shati lake amevaa hirizi ya mganga, naye hataki kuivua, kwa kuwa aogopa. Wa pili ni bibi mzee. Amerudi darasani mwaka wa tatu, na kila mara maneno yamponyoka. Ukimwuliza maana ya amri ya nane, hunyamaza. Lakini ukimwuliza, Bibi, ni nani atakayekusimamia mbele ya Mungu? hujibu, Yesu, aliyekufa kwa ajili yangu, naye yu hai. Ukimwuliza, Na matambiko ya zamani? hujibu, Nimeyaacha, ninaye Bwana mmoja.

Je, yupi yuko tayari kwa ubatizo? Kijana asidharauliwe, aonywe na kungojewa, maana ulimi wake wamkiri Bwana mmoja na shingo yake yamkiri mwingine. Bali bibi yule asiambiwe arudi mwaka wa nne. Ni nani awezaye kujua kama mwaka wa nne atakuwapo? Ampeleke mwalimu kwa mchungaji, amshuhudie. Naye akiisha kubatizwa, aendelee kufundishwa kama sisi sote.

Na sisi tuliobatizwa zamani tujipime kwa kipimo hicho hicho. Twayakiri maneno yale kila Jumapili, na midomo imezoea. Mtoto akiugua usiku, twamwendea nani kwanza? Mauti yakija, tutashika nini? Siku ile hatutaulizwa tumesoma vitabu vingapi, bali kama tulikuwa naye Mwana.

Ee Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu aliye hai, uliyekufa na kufufuka kwa ajili yetu: wape imani wasioijua bado, uwatie nguvu walio dhaifu, uvunje kiburi cha waongezao na cha wapunguzao, ukatulinde sisi sote katika kweli yako hata mwisho. Amin.