Neno Lina Ukoo Wake, Mwanangu

Mwanangu, najua tarehe ya kuwasilisha tasnifu imekaribia, hata kula huli vizuri. Keti kidogo. Sura ya pili nimeisoma. Hoja zimekaa sawa. Kinachokuangusha ni miisho ya maneno ya Kiingereza.

Umeandika "proposation". Nimecheka, lakini si kwa dharau. Mimi niliandika "pronounciation" badala ya "pronunciation", nikabishana na mwalimu. Kama kitenzi ni "pronounce", nomino itatoka wapi tena? Ubishi ule ulinichelewesha sana.

Sisi tumezoea Kiswahili. Ukishalijua neno "soma", umepata msomaji, msomi, usomi na somo, na hutishiki. Kiingereza hakina ahadi hiyo. "Decide" huzaa "decision", "propose" huzaa "proposal", "maintain" huzaa "maintenance". Asiyeweza ni "unable", ila kutoweza kwake ni "inability". Chanzo ni historia: Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikaingia nao. Baadaye wasomi wakachota Kilatini. Viambishi vya kila upande vikabaki humo humo, na sisi ndio tunaosumbuka navyo.

Tena wewe, kama wengi wetu tuliosoma shule za msingi za serikali hapa Tanzania, ulifundishwa kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza ukakuta masomo yamegeuka Kiingereza. Usijione mjinga.

Kompyuta nayo usiiamini sana. "Proposation" itaipigia mstari mwekundu. Lakini ulipoandika "economical growth" ilinyamaza, kwa kuwa neno hilo lipo. Ni la mtu anayebana matumizi! Ukuaji wa uchumi ni "economic growth".

Sasa nunua daftari. Ukikutana na neno jipya, usiliandike peke yake. Andika kitenzi, nomino na kivumishi chake, pamoja na sentensi ulimolikuta. Mwaka 2000 Averil Coxhead, mtafiti wa New Zealand, alichapisha orodha ya maneno ya kitaaluma. Ina koo 570 za maneno. Anza na hizo, polepole. Usizimeze kwa wiki moja, zitakutoka.

Na nomino ndefu si usomi, mwanangu. Pale ulipoandika "made a utilization of", "used" inatosha kabisa. Ukiona kitenzi kimebeba maana yote, kiache kifanye kazi.

Usiku wa leo pitia sura ya pili na kamusi mkononi, neno kwa neno. Kesho niletee, tuisome pamoja kabla hujampelekea msimamizi wako.